Dakika Moja ya Mama Kahindo

Tulipomzika Kahindo kule Beni, mwezi uliopita, mimi sikulia makaburini. Watu waliniangalia: rafiki wa miaka yote, na macho makavu kama mtu aliyekuja kupima kiwanja. Nililia baadaye, nyumbani kwake Bungulu, watu wakiwa wanakula wali na nyama ya mbuzi chini ya bâche, lile turubai la msiba. Watoto wake walikuwa wamekaa kwenye mkeka, mmoja akatoa telefone yake, akafinya, na sauti ya Kahindo ikatoka wazi kabisa: "Grâce, uko wapi weye? Rudia mbio, mvua iko nakuya, na usisahau chumvi." Basi, chumvi tu. Wakacheka na kulia kwa pamoja. Mwingine naye akatafuta katika telefone yake akapata nyingine, mama yao anagombeza mtu juu ya nguo zilizosahauliwa kambani. Walikuwa nazo nyingi, sauti za miaka na miaka, za ovyo ovyo, za chumvi na nguo na kuku aliyepotea. Nikasimama, nikaenda nyuma ya jikoni, na huko ndiko nililia, mpaka shangazi mmoja wa pale akaniletea maji. "Pole mama," akaniambia, "ni kazi ya Mungu." Nikamjibu vibaya. Nilimwambia hapana, hii si kazi ya Mungu, hii ni kazi ya sumaku. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia kichaa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Ninaeleza hapa.

Mwaka ninaousema ni ule ambao bei ya vanille ilipanda, wakati wa rébellion, ule uasi, Kahindo na mimi tukiwa tumemaliza sekondari na hatuna la kufanya. Mjini Butembo, nyuma ya duka la Hadji, palikuwa na chumba kimoja chenye dirisha dogo. Hadji alikuwa mfanyabiashara wa Beni, mwenye malori, mtu wa utani, na kutoka safari yake ya Dubai alirudi na mablanketi, masahani na kompyuta moja, ambayo sisi tuliita ordinatere. Mtu wa kuitumia hakuwa naye. Akamtafuta Mwalimu Mbusa, kijana mwembamba mwenye sweta moja, aliyekuwa amesomea mambo hayo Kampala, akamwambia: "Mwalimu, hii kitu nilinunua juu nilisikia haya kuuliza kazi yake. Sasa weye uitafutie kazi." Mbusa akafungua secrétariat. Asubuhi wateja walipigiwa barua zao na kazi zao za chuo, na mchana sisi tulifundishwa.

Chumba kile bado ninaweza kukinusa: plastiki ya moto, petroli, na soksi. Soksi, kwa sababu viatu vilibaki mlangoni. Mbusa alisema vumbi ya Butembo inaua mashini, na hata wazee wa biashara ya kahawa, watu wenye tumbo na heshima, waliinama wakafungua kamba za viatu na kuingia na vidole vinachungulia nje ya soksi. Mke wa Hadji alikuwa ameshonea ordinatere kitambaa cha maua, kama vile vya kufunikia makochi, na hakuna aliyethubutu kukitoa isipokuwa Mbusa mwenyewe, kwa mikono miwili. Mashini ilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi kuliko viti, kwa hiyo Mbusa alituchorea clavier, vile vitufe vya herufi, kwenye vipande vya katoni, akifuata kitabu kimoja cha Kifaransa. Kila mtu aliweka katoni yake magotini. Yeye alipiga meza na rula, sisi tukapiga katoni: A, Z, E, R, T, Y, pa, pa, pa, bila kuangalia chini. Tulipiga katoni mpaka zikatoboka. Siku tuliporuhusiwa kugusa mashini yenyewe, Kahindo, aliyekuwa na vidole vyepesi kutushinda wote, akakaa, akafunga macho, akapiga jina lake. Kwenye kioo ikatokea Kqhindo. Nikakaa mimi, Masika, na mimi nikatoka ;qsikq. Mbusa akatoka jasho. Kumbe mashini ya Dubai haikupangwa kama katoni zetu za Kifaransa, na yeye hakuwa ameona tofauti kwa sababu mwenyewe alipiga kwa vidole viwili, akitafuta herufi moja moja. Tena juu ya kila herufi palikuwa na nyingine ya Kiarabu. Hadji akaitwa. Akaweka miwani, akazisoma zote kwa sauti, polepole, alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, halafu akasema: "Ku mashini hakuna makosa. Makosa iko ku katoni." Tulicheka mpaka machozi. Mwaka mzima Kahindo hakuniita Masika tena, aliniita Qsikq, na hata watoto wake baadaye walinijua kwa jina hilo bila kujua limetoka wapi.

Umeme haukuwako, kulikuwa na groupe, ile mashini ya petroli iliyonguruma uani. Sentinelle wa Hadji, mlinzi mzee mwenye masikio makali, alikaa kando yake, na groupe ikianza kukohoa alipiga kelele, "Inakufa!" Hapo hata ukiwa katikati ya jina la mkubwa, uliacha ukahifadhi kazi yako, vinginevyo imekwenda. Na hakuna kilichobaki ndani ya mashini. Hiyo ilikuwa sheria ya Mbusa. Wakati ule askari waliingia secrétariat yoyote na Lingala yao, wakitaka kujua nani anapiga makaratasi ya kuwasema vibaya, kwa hiyo kila mteja aliondoka na kazi yake kwenye diskette, kile kisahani cheusi cha mraba kinachoingia mfukoni, na kabla ya kufunga Mbusa alifuta yote. "Kila mutu na diskette yake," alisema, "sawa vile kila mutu na kichwa yake." Watu walijifunza kuzitunza kila mmoja kwa akili yake. Mama mmoja wa kanisa aliona yake imechafuka, akaifua na sabuni, akaianika kambani na kibanio. Mbusa alishika kichwa. Siku ile ile akatufundisha maadui wa diskette: maji, vumbi, jua, na aimant, yaani sumaku. "Aimant ni nini?" akauliza. Kahindo, aliyeiona kwa fundi wa magari, ndiye aliyejibu: "Ni ile chuma ya mekanisye inavuta misumari." "Très bien," Mbusa akasema, na tukaendelea.

Sasa Mama Kahindo, mama mzazi wa rafiki yangu. Aliuza maharage soko la Bulengera, na kwake ndiko nilikokula karibu kila siku mwaka ule, kwa sababu kwake palikuwa karibu na kwa sababu chakula chake kilikuwa kitamu. Bugali ya muhogo, sombe, yaani kisamvu, yenye mafuta ya ngazi, mawese, ya kutosha, siku njema makayabu, samaki wa chumvi. Ulikula ukitukanwa. "Ona vile anakula, sawa mutu wa kuhama. Kahindo, mupe mwenzako sahani, miguu yako imekufa? Kichwa ya mbuzi weye." Na mkono wake unaongeza sombe wakati huo huo. Hakuwa na mtoto mwingine. Kumwita mtu kichwa ya mbuzi ndiyo ilikuwa namna yake ya kumsogezea kiti. Kakule, kijana wa vanille kutoka Bungulu aliyekuja kumchumbia Kahindo, alitukanwa hivyo hivyo siku ya kwanza, akajua amekubaliwa.

Katikati ya mwaka tumbo la Mama Kahindo likaanza kuvimba. Hospitali walimpa vidonge na wakamwambia arudi nyumbani, na sisi wasichana tulifikiri kurudishwa nyumbani ni habari njema. Nilijua ukweli kwa masikio yangu. Nilikuwa nachagua maharage sebuleni, na chumbani, nyuma ya ukuta wa mbao, Mama Kahindo alikuwa akisema na dada yake aliyetoka Lubero. "Sitafikia ile siku," akasema. Dada yake akamwambia basi arusi iletwe mbele, hata juma lijalo, Kakule hatakataa. Na yeye, na ugonjwa wake, akapandisha sauti: "Aka! Mutoto yangu aolewe mbio mbio, watu baseme iko na mimba? Hapana. Vanille itauzwa, mbuzi zitaletwa, kila kitu mu ngazi yake. Mimi nikifa, nikufe. Lakini ile neno ya mulango, nani atamuambia?" Mkono wangu ukasimama ndani ya maharage.

Neno la mlango, kwetu sisi, ni hili: binti haondoki kwao kwenda kuolewa kabla mama yake hajamsimamisha mlangoni na kumwambia maneno yake mwenyewe. Si ya padri, si ya shangazi. Kila mama anayo yake, anayatunga miaka yote anapokulea, na binti anayasikia siku ile tu. Yakisikiwa mapema yanapoa. Na binti aliyetoka bila hayo, hata akipata mali, watu watasema alitoka na mgongo wazi.

Nilimweleza Kahindo nilichosikia, barabarani, tukienda mjini. Hakulia. Alitembea tu, haraka, na tulipofika alivua viatu akaenda moja kwa moja kwa Mbusa. Kulikuwa na mikrofone ndogo iliyokuja na mashini, ya kusimama kwa mguu wake, na Mbusa alikuwa ametuonyesha mara moja jinsi inavyokamata sauti. "Mwalimu, inaweza kukamata sauti ya mama na kuiweka mu diskette?" Mbusa akafikiri, akasema inaweza, lakini ile programu inakupa dakika moja tu, ikiisha inajikata yenyewe. Mimi nikasema kwa nini tusitafute radio ya kaseti, iko kila mahali. Jibu alilitoa Mama Kahindo mwenyewe jioni: "Kaseti? Bwana yake ataweka muziki ya ndombolo juu yangu." Alitaka kujua kama diskette nayo inaweza kuandikwa juu. Tukamwelezea kuna kidirisha pembeni, ukikisukuma hakuna mtu atakayeandika tena chochote. Hilo lilimpendeza. Kilichomuudhi ni dakika. "Dakika moja! Mimi nilimubeba miezi tisa, na mashini inanipa dakika moja!" Ila tangu kesho yake tulimwona katika kishamba chake nyuma ya nyumba, jembe limesimama, midomo inatembea, anasema peke yake, anatikisa kichwa, anaanza upya. Alikuwa anapunguza. Tulipokaribia alinyamaza na kututukana.

Siku aliyochagua alivaa kikwembe chake cha Pasaka. Tulimleta kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, dereva akienda polepole, mimi nikifuata kwa miguu. Mlangoni alivua kandambili, akaingia akishika ukuta, akaisalimu ordinatere kwa Kinande, lugha yetu, kama unavyosalimu mtu mkubwa, na akakaa. Hadji alikuja kutoka dukani kwake, akampa pole, akawaambia wateja wa siku ile warudi kesho. Groupe ilijazwa petroli mpaka mdomoni. "Wote munatoka," Mama Kahindo akasema. "Mwalimu na weye." Mbusa akafinya kidude chekundu, akatoka mbio na soksi zake, akafunga mlango. Tulisimama uani: Kahindo, Mbusa, sentinelle, mimi chini ya dirisha. Groupe ilinguruma. Kutoka ndani nilisikia mnung'uniko, ukipanda na kushuka, halafu kama kicheko, halafu kikohozi. Maneno hapana. Ninaapa, hata moja. Kahindo alikuwa ameziba masikio yake mwenyewe kwa vidole, apate kuwa salama. Mlango ukafunguliwa. "Imenikata," Mama Kahindo akasema. "Ile mashini haina adabu. Lakini nilikuwa nimeisha maliza." Mbusa akaingia, akafunga sauti kabisa, akairudisha ipite kimya ili ahakikishe. Niliona kupitia mlangoni: mstari wa kijani unaruka, unatulia, unaruka tena, mpaka mwisho. Hiyo ndiyo nafasi ya karibu kabisa niliyoipata. Akaihamisha kwenye diskette, akasukuma kidirisha, akafuta kilichobaki ndani ya mashini kama alivyofanya kwa kila mtu, akampa Kahindo kwa mikono miwili.

Mama Kahindo alikufa kabla ya vanille kuuzwa. Kilio kilijaza ua wote wa Bulengera. Kwaya ya parokia ilileta baffle yao kubwa, spika ya urefu wa mtoto wa shule, ili nyimbo zisikike mpaka barabarani, na kwa kuwa meza zote zilikuwa zimechukuliwa na wapishi, wamama wakaitandikia kitambaa cheupe ikawa altare. Juu yake wakaweka picha yake, rozari, mshumaa. Kahindo akaingia chumbani, akatoka na diskette imefungwa ndani ya leso, akaiweka pale katikati, mbele ya picha. "Hii ni sauti yake," akawaambia wamama. "Ikae karibu yake." Wamama walipita wakaigusa, wakafanya ishara ya msalaba. Mimi pia nilipita nikaigusa. Ilikaa pale tangu siku ya kwanza mpaka kilio kilipokwisha, na nyimbo zikivuma chini yake, na sisi tuliona ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Mbusa hakuwepo, alikuwa amekwenda Goma kutafuta wino wa imprimante, mashini ya kuchapishia. Nani angetuambia? Sumaku tuliyoijua sisi ilikuwa chuma cha mekanisye. Kwamba ndani ya kila baffle mna sumaku, na ndani ya baffle kubwa mna kubwa, hilo halikuwa kwenye somo.

Arusi ilifika. Hadji mwenyewe alisema ordinatere iende Bulengera, kwa nini bibi arusi asimame dukani. Wakaizungushia blanketi, wakaifunga juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, Hadji akatembea kando yake njia nzima na mkono juu ya blanketi akiwafokea wenye moto. Ikawekwa mezani karibu na mlango, kitambaa cha maua juu yake, na groupe ikawashwa uani. Watu wa Bungulu walikuwa wamekaa upande wao na mbuzi wao wamefungwa nje, wetu upande huu, na habari ilikuwa imezunguka, kwa hiyo majirani walipanda hata kwenye ukuta: marehemu atasema na binti yake. Kahindo alisimama mlangoni na nguo yake nyeupe. Alikuwa na furaha, naisema hivyo kwa sababu nilimshika mkono. Mbusa akaweka diskette. Mashini ikakwaruza. Ikanyamaza, ikakwaruza tena. Halafu ikaandika, kwa Kifaransa, kwamba diskette hii haijaandaliwa, na je, unataka iandaliwe sasa? Ndiyo au hapana.

Kwanza watu hawakuelewa. Padri mmoja aliyeketi mbele alisoma kwa sauti, akamgeukia Mbusa. Mbusa akafinya hapana, akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Ikauliza lile lile. "Rudilia, Mwalimu," Kahindo akasema. Akarudilia. "Rudilia." Nilihesabu mwanzoni halafu nikaacha. Mwishowe Mbusa akaishika mkononi, akaigeuza, akauliza kwa sauti ndogo: "Ilikaa wapi?" Kahindo akamwambia: mu sanduku, mu leso, na siku za kilio ilikuwa juu ya baffle, karibu ya picha. Mbusa akakaa chini. Pale pale kwenye udongo, na suruali yake ya arusi. "Mu baffle muko aimant," akasema. "Inakula yote. Kahindo, mama yako... haiko tena." Ndipo kelele ikaanza. Yesu Maria, sijasikia tena kelele ile. Wamama walilia upya kana kwamba maiti iko ndani. Dada ya marehemu akasimama, akajipangusa, akasema yeye ni damu moja, atasema yeye neno la mlango. Na Kahindo akakataa. "Mama alisema," akajibu. "Alisema yote, kwa dakika moja. Kama haisikilike, siyo kosa yake." Akanigeukia, akaniita jina langu la kweli. "Masika, weye ulikuwa chini ya dirisha. Ulisikia?" Nikamwambia ukweli. Nilisema hapana, groupe ilikuwa inapiga kelele. Akatikisa kichwa, akaokota nguo yake ili isiguse vumbi, akavuka mlango bila neno, na wanaume wakaanza kufungua mbuzi wetu.

Watu wa Beni hawakumsahaulisha. Mtoto wake wa kwanza alipokufa na homa, kulikuwa na mdomo uliosema unajua yule alitoka vipi kwao. Vanille ilipoanguka bei, mdomo. Alipokimbia Bungulu na watoto mgongoni kwa sababu ya risasi, akalala kwangu Butembo miezi, nilisikia hata jirani yangu mwenyewe anasema kwa mgongo ule wazi angetegemea nini, na jirani yule hatujasalimiana mpaka leo. Mimi ndiyo nimekula maisha yangu kwa ordinatere. Nimezeeka mbele yake, nimeona zinakuwa nyembamba, nimeona zinaingia mfukoni. Yeye hakugusa tena. Hata telefone ya watoto wake aliikubali kwa shida, na akaanza kuwatumia sauti tu, asubuhi na mchana, sauti juu ya sauti, juu ya chumvi, juu ya mvua. Watoto walilalamika: mama, andika tu. Nilijua kwa nini haandiki, na sikuwaambia kwa sababu si langu. Zamani sana niliipeleka diskette ile kwa mafundi wa Goma, kisha wa Kampala. Mmoja alicheka. Wa mwisho alikuwa kijana mpole, alinieleza kwamba pale hakuna kilichofichwa cha kutafutwa, ni kama udongo uliofagiliwa. Sikumrudishia Kahindo habari hiyo. Alielewa kwa vile nilivyokawia kushuka kwenye gari.

Mara ya mwisho nilimkuta hospitali ya Beni, mchana, jua limeingia mpaka katikati ya chumba na wagonjwa wengine wanakula. Nilikuwa nimempelekea sombe. Alionja, akaniambia haina chumvi, nikajua bado yupo. Alikuwa amekonda hata pete imefungwa na uzi. Tukasema habari za watoto, za barabara, za nani amekufa. Halafu akanishika mkono, na akasema bila kuniangalia: "Qsikq, sasa niko naenda tena. Na hii mulango sijue niko naipita namna gani. Weye ulikuwa chini ya dirisha. Mama alisema nini?"

Miaka yote hakuwa ameniuliza tena. Na mimi, mtu wa ukweli, mtu anayewajibu vibaya wenye kumpa maji, nilifungua mdomo nikadanganya. Ninao mabinti watatu, nimesema neno la mlango mara tatu, najua linavyokwenda. Nilimwambia mama yake alisema: mwanangu wa pekee, enda na amani, mikono yako isikose kazi na mlango wako usikose wageni, ukichoka ukumbuke mgongo uliokubeba, popote utakapolala na mimi niko pale. Nilisema polepole. Kahindo alisikiliza macho yamefungwa. Nilipomaliza mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri nimemuua. Alikuwa anacheka.

"Muongo weye," akasema. "Mama hakukuwa mupole vile hata siku moja."

"Kahindo..."

"Haiko hata tusi moja mule ndani! Dakika nzima?" Akakohoa, akangoja pumzi. Chozi lilikuwa limeteremka mpaka sikioni na hakulipangusa. "Anza tena. Sema bien, sema muzuri."

Basi nikavuta kiti karibu, nikaweka mkono juu ya kichwa chake, kichwa chepesi kile, na nikaanza tena. "Kichwa ya mbuzi weye," nikasema. "Simama muzuri, usiniangalie sawa mutu wa kuhama. Miguu yako imekufa?"

"Ee, mama," akajibu.